Pete ilikuja baada ya ngamia kunywa

Bwana Yesu asifiwe, vijana. Wazazi wetu mlioketi huku nyuma, shikamooni.

Mmeniomba nizungumze juu ya kumpata mwenzi mcha Mungu, na najua wengi mmekuja na swali moja: nitamjuaje? Tutalifikia. Ila nitawapitisha kwanza kwingine, kwa sababu mtu ambaye macho yake bado yanaongozwa na tamaa hawezi kulijibu swali hilo hata apewe alama mia za kumtambua mchumba. Anayetaka kuchagua vizuri aanze kwa kujitawala mwenyewe. Hilo ndilo neno nililokuja nalo leo.

Fungueni Mithali sura ya 7. Mtu mzima amesimama dirishani kwake anatazama njia, anamwona kijana mmoja katikati ya vijana wenzake. Angalieni mstari wa 8: kijana anapita karibu na pembe ya nyumba ya yule mwanamke, kisha anaishika njia iendayo kwake. Mstari wa 9 unatuambia ni saa ngapi: jioni, giza linaingia. Mpaka hapo hajaguswa na mtu wala hajasema neno, lakini ukiniuliza mimi, ameshaanguka. Kilichobaki ni mazungumzo tu.

Wengi mnapokuja kuongea nami mnasema, "Ilitokea tu." Sikatai kwamba ndivyo mlivyohisi. Lakini ukirudi nyuma hatua kwa hatua unaikuta pembe: ile meseji ya saa sita usiku uliyoijibu huku moyo ukikuambia usiijibu, kile chumba cha rafiki ulichokubali kwenda "kuchukua kitabu" ukijua rafiki mwenyewe kasafiri. Waraka wa Yakobo unasema katika sura ya 1 kwamba kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe, akivutwa na kudanganywa. Tamaa huchukua mimba kwanza, ndipo huzaa dhambi. Mimba haionekani siku ya kwanza, na kule kwenye pembe ndiko inakotungwa.

Jambo la pili katika sura hiyo huwa linanishtua kila ninapolisoma. Mwanamke yule anaanza na ibada. Anasema nyumbani kwake kuna sadaka za amani, leo ameondoa nadhiri zake. Kitanda cha kitani kutoka Misri, manemane, udi na mdalasini vinakuja baadaye. Kwa hiyo msidhani jaribu daima linakuja na sura ya baa na pombe. Linaweza kuja na Biblia kwapani, likakuambia, "Tumeomba pamoja, Mungu ameshatuunganisha, mbele zake sisi ni mume na mke tayari, sherehe ni ya watu tu." Binti yangu, ukisikia maneno hayo, ujue umefika kwenye ile pembe. Kijana wa kiume, nawe ukisikia ulimi wako unayasema, simama hapo hapo.

Samsoni sitakaa naye sana, mnamjua. Aliibeba milango ya mji wa Gaza mabegani, lakini aliposhuka Timna alimwona binti wa Kifilisti, akarudi kwa wazazi na hoja moja tu: amenipendeza. Hakuna mahali tunaposoma kwamba alimchunguza tabia. Baadaye Delila alijaribu kumkabidhi kwa adui mara tatu, waziwazi, na mara zote tatu Samsoni alibaki pale pale. Hakukosa habari, alikosa uwezo wa kujiondoa. Mithali 16:32 inasema aitawalaye roho yake ni bora kuliko atekaye mji, na huyu jasiri ni ushahidi wa mstari huo.

Yusufu tumwangalie kwa makini zaidi, maana huwa tunamhubiri vibaya. Aliuzwa na ndugu zake akiwa kijana wa miaka 17 hivi, kwa vipande 20 vya fedha. Katika nyumba ya Potifa alikuwa mtumwa, na aliyemtaka alikuwa mke wa bwana wake. Mwanzo 39:10 inasema alimsumbua siku baada ya siku, naye hakukubali kulala naye wala hata kuwa pamoja naye. Yaani alikataa hata kupita kwenye pembe. Siku aliposhikwa vazi, aliliacha akakimbia. Je, alituzwa? Alifungwa gerezani. Alisimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30, na sehemu ya ile miaka ilipotelea kifungoni kwa sababu ya usafi wake. Sitaki kuwadanganya kwamba ukijizuia utapandishwa cheo mwezi ujao. Unaweza kupoteza kazi. Unaweza kuitwa mshamba na kuchekwa na darasa zima.

Na hapa niseme jambo moja kwa mabinti hasa. Mke wa Potifa alikuwa na mamlaka juu ya Yusufu. Bosi anayekuambia hupati ajira mpaka ulale naye, au mwalimu anayeshikilia matokeo yako kwa masharti hayo, huyo anakuonea, na msiniletee ushauri wa kwamba ukavae nguo ndefu zaidi. Sheria yetu ya hapa Tanzania ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaita jambo hilo kosa la jinai. Nenda TAKUKURU, taasisi inayopambana na rushwa. Kanisa lisikuambie unyamaze kwa ajili ya amani. Yusufu hakuwa na ofisi ya kwenda. Wewe unayo.

Sasa twende Ruthu 3, kwa sababu hapa kujitawala na kuchagua mwenzi vinakutana usiku mmoja. Ni msimu wa mavuno ya shayiri Bethlehemu. Boazi amekula, amekunywa, moyo umechangamka, amelala penye lundo la nafaka. Usiku wa manane anashtuka, kuna mwanamke miguuni pake, tena mwanamke huyo ndiye anayeomba awe chini ya ulinzi wake. Giza lipo, faragha ipo, na nia ya ndoa ipo. Vijana wangapi hapa wangesema, "Si tunaoana tu?" Boazi anajua kuna jamaa wa karibu kuliko yeye mwenye haki ya kukomboa, yaani kumwoa Ruthu, mjane wa ndugu yao. Anamwambia Ruthu alale mpaka asubuhi, anamwondoa kabla watu hawajatambuana ili jina lake lisichafuliwe, anampa vipimo sita vya shayiri kwa mama mkwe wake. Asubuhi ile ile yuko langoni pa mji, anawaketisha wazee kumi, anazungumza jambo hilo mchana kweupe mbele ya mashahidi.

Naomi alishajua angefanya hivyo. Alimwambia mkwewe, mtu yule hatatulia mpaka ameimaliza shughuli hii leo. Ninyi mnaowashika mabinti wa watu katika uchumba miaka na miaka, mnakula kwao, mnajulikana kwao, na habari ya kupeleka barua ya posa hamtaki kuisikia, msomeni Boazi. Huyu alijizuia usiku na hakuchelewa mchana. Mwanamume anayejizuia bila kuchukua hatua bado ana jambo la kujibu, na anayechukua hatua bila kujizuia vilevile.

Tufike kisimani sasa, Mwanzo 24. Mtumishi wa Ibrahimu amesafiri na ngamia kumi kumtafutia Isaka mke. Anaomba ishara, lakini angalieni ishara yenyewe. Haombi nuru kutoka mbinguni wala ndoto. Anaomba binti ambaye, akiombwa maji ya kunywa mtu mmoja, atajitolea kuwanywesha na ngamia pia. Ngamia mwenye kiu anaweza kunywa lita 100 kwa mara moja. Hata tukisema hawa walikunywa nusu ya hapo, ni lita 500, kwa mtungi wa begani, kushuka na kupanda. Rebeka hakuombwa hilo. Alisema mwenyewe, na Biblia inasema alipiga mbio. Mtumishi alikuwa anapima moyo unaotoa zaidi ya ulichoombwa, kwa mgeni ambaye hana cha kumlipa anachokijua.

Mstari wa 21 naupenda sana. Mtu yule akamkazia macho, akanyamaza. Hakumsifu wala hakumpa ahadi. Alitazama. Ni ngamia walipokwisha kunywa ndipo alipotoa pete ya dhahabu ya nusu shekeli na bangili mbili. Wahenga wetu walisema chanda chema huvikwa pete, na hapa wema ulionekana kwanza. Siku hizi tunaanza na zawadi. Simu mpya mwezi wa kwanza, tripu ya Zanzibar mwezi wa tatu, na macho ya wote wawili yamefungwa kabla hayajaona kitu. Mtazame anavyomjibu mhudumu aliyekosea oda. Mtazame anavyozungumza na mama yake kwenye simu, na anavyofanya akikasirika. Mithali 25:28 inasema asiyetawala roho yake ni kama mji uliobomolewa, usio na kuta. Ukiingia katika ndoa na mtu wa namna hiyo, humo ndimo utakamolala na watoto wako.

Ruhusuni na wengine watazame. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe siku 21 kabla, na makanisa mengi hutangaza ndoa Jumapili tatu. Ukimwona mchumba anataka kukwepa macho ya watu, anakuharakisha, hataki ujue alikoishi kabla, usiite hayo mapenzi motomoto. Uliza.

Rebeka naye, baada ya yote hayo, alikuja kumdanganya Isaka juu ya baraka ya mwana wao Yakobo. Mwanzo 27 ipo na hatuwezi kuichana. Chaguo jema halimalizi kazi. Aliyejitolea maji ujanani anahitaji kuendelea kujitawala uzeeni.

Wazazi, nina mawili kwenu. La kwanza ni kabila. Mnaniambia Ibrahimu alikataza binti za Kanaani. Someni sababu katika Kumbukumbu la Torati 7:4: watamgeuza mwanao aabudu miungu mingine. Sababu ni ibada. Ruthu alikuwa Mmoabi, akasema Mungu wako atakuwa Mungu wangu, na akawa mama wa Obedi, babu yake Daudi. Mathayo amemwandika katika ukoo wa Bwana Yesu. Mkimkataa kijana mcha Mungu kwa sababu ya mkoa anakotoka, msitafute mstari wa kujifunika.

La pili liko Mwanzo 24:57. Mahari ilishatolewa, jamaa zake walishakubali, mtumishi ana haraka ya kuondoka. Wakasema, tumwite msichana, tumwulize mwenyewe. Wakamwuliza, utakwenda na mtu huyu? Akasema, nitakwenda. Katika nyumba ngapi za hapa swali hilo limeulizwa, na binti akajua kwamba angeweza kujibu hapana?

Vikaratasi vya maswali vimeshafika mezani. Tuanze na hiki kinachouliza kama uchumba unaweza kuvunjwa baada ya mahari kupokelewa. Ndiyo, unaweza, na nitaeleza kwa nini ni afadhali uvunjwe wakati huo.