Joho la Paulo na jembe la Aprili

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mmeniomba niseme jinsi tunavyoweza kuwasaidia ndugu zetu wanaoteswa kwa sababu ya imani. Naomba tuanze na joho.

Paulo yuko kifungoni Rumi, na mwisho wake anauona. Anamwandikia Timotheo maneno mazito: vita nimevipiga, mwendo nimeumaliza. Kisha, mistari michache tu mbele, anamwambia: ukija, niletee lile joho nililoliacha Troa kwa Karpo, na vile vitabu. Tena ujitahidi ufike kabla ya baridi. Kwa miaka mingi nilikuwa naupita mstari huo mbio mbio. Kumbe mtume anasikia baridi! Na joho analolitaka ni lile lake mwenyewe, analijua liko kwa nani.

Sasa twendeni Garissa. Tarehe 2 Aprili 2015 ilikuwa Alhamisi Kuu. Alfajiri, wanafunzi wa umoja wa Kikristo wa Chuo Kikuu cha Garissa walikuwa wamekusanyika kuomba, na ni miongoni mwa wa kwanza kupigwa risasi. Mpaka jioni watu 148 walikuwa wameuawa, 142 kati yao wanafunzi. Al-Shabaab walikuwa wakiwatenga Wakristo na Waislamu kabla ya kuua.

Namfahamu mama mmoja aliyempoteza binti yake siku ile. Wiki ya mazishi boma lilijaa magari, magunia ya mchele, mahema, hotuba. Mwaka uliofuata Aprili ilifika, mvua ikanyesha, mahindi yakafika magotini na magugu yakafika hapo hapo. Mama hakuweza kushika jembe. Binti ndiye aliyekuwa akipalilia naye kila likizo ya Pasaka. Hakuna aliyepiga hodi. Nami nilikuwa mmoja wa wale wasiopiga hodi, ingawa nilihubiri kwenye mazishi yale.

Mwaka wa tatu akina mama wanne wa kanisani walimwendea mapema, wakamuuliza: dada, siku hiyo unahitaji nini? Akasema, mnisaidie kupalilia. Wakapalilia hadi saa sita, wakanywa uji, wakaimba wimbo mmoja ambao binti alikuwa akiupenda. Tangu hapo wanakwenda kila mwaka.

Ndiyo maana nawasihi: ulizeni kwanza. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, waumini waliokuwa kwenye mkesha katika kanisa Katoliki la Komanda, huko Ituri, mashariki mwa Kongo, walivamiwa na waasi wa kundi la ADF, na zaidi ya watu 30 wakauawa. Watu wa kule wanasema Kiswahili kama sisi. Hatuhitaji mkalimani kumuuliza mchungaji au padri wa Kongo: wajane wako wanalala wapi, watoto wanasoma? Na akikutumia majina au picha, usizirushe kwenye makundi ya simu. Wauaji nao wana simu. Muulize kama anaruhusu.

Jambo jingine, nalo lina uzito sana kwangu. Kuwapenda waliouawa hakutupi ruhusa ya kumchukia jirani Mwislamu. Mwezi Desemba 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera lilisimamishwa na Al-Shabaab, abiria wakaamriwa wajitenge kwa dini. Waislamu wakakataa. Wanawake wakawapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi kwa kukataa, akafariki Januari 2016. Ninapowaombea wafia imani wetu, namtaja na yeye katika maombi yangu, na mjane wake na watoto.

Basi, tarehe 2 Aprili ijayo tutaondoka hapa kanisani saa kumi na mbili asubuhi, mimi nikiwemo. Shamba ni ekari moja na nusu. Kila mmoja aje na jembe lake, maana mama ana mawili tu. Uji amesema atapika mwenyewe.