Korosho Moja Ikiungua: Mhadhara wa Jioni, Newala

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni. Msimu ni huu wa kuokota korosho, na najua wengine mmetoka shambani moja kwa moja mkaja hapa, kwa hiyo naanza na moto. Mada yetu ni nishati: inavyoingia kwenye chakula na inavyotoka.

Nina korosho moja iliyobanguliwa, nimeichomeka kwenye sindano. Ni kama gramu moja na nusu. Juu yake limening'inia kopo la maji mililita 50, na kipimajoto kinasoma nyuzi 28. Nawasha. Tazameni mwali ulivyo wa manjano, na mafuta yanavyochuruzika. Haya, imezimika. Maji yamefika nyuzi 61, na joto jingi zaidi limepotelea hewani. Korosho hii ilikuwa na nishati ya kilokalori 8 hivi. Zingeingia zote kwenye kopo, maji yangechemka.

Ukiitafuna, nishati ni ileile. Kinachobadilika ni mwendo wa kuitoa. Ndani ya seli zetu mna vijumba vidogo viitwavyo mitokondria. Humo mafuta na sukari hatimaye hukutana na oksijeni uliyoivuta puani, lakini kwa hatua ndogondogo, na nishati inayotoka hunaswa kidogokidogo katika kemikali inayoitwa ATP. Msuli ukitaka kuinua jembe hautumii korosho, unatumia ATP. Akiba yake ni ya sekunde chache tu za kazi ngumu, kwa hiyo mwili huitengeneza upya usiku na mchana. Kwa siku moja huizungusha kiasi kinachokaribia uzito wako mwenyewe. Nililisoma hili nikiwa kijana na mpaka leo linanistaajabisha. Mabaki ni yaleyale ya moto: maji na hewa ya ukaa. Na katika nishati inayotumiwa na msuli, kama robo tu ndiyo inayofanya kazi ya jembe. Inayobaki ni joto, ndiyo maana anayepalilia hutoka jasho hata asubuhi ya baridi.

Niende kwenye bibo, lile tunda la mkorosho. Mama anakamua mabibo, maji yake anayaacha kwenye ndoo, siku ya pili yanatoa povu: uraka huo. Hakuna aliyeutia moto. Ni hamira, viumbe vya seli moja vinavyokaa hata kwenye ngozi ya tunda. Humo ndani oksijeni ni haba, nao wanakula sukari hivyohivyo, bila kuimaliza. Katika kila molekuli, yaani chembe moja, ya sukari ya glukosi wanapata ATP 2, wakati seli yako yenye oksijeni inapata kama 30. Nishati nyingine imekwenda wapi? Imebaki kwenye kileo. Mnajua gongo kali ikiguswa na kiberiti huwaka: ule mwali wa buluu ni nishati ambayo hamira hawakuweza kuitoa.

Na sukari ya bibo ilitoka jani. Umbijani, ile rangi ya kijani, hunasa mwanga wa jua, na kwa nguvu hiyo jani linaunganisha maji na hewa ya ukaa kuwa sukari. Huo ndio usanisinuru. Mti hautoi chakula chake udongoni. Udongoni unatoa maji na madini.

Hapo ndipo ubwiriunga unapoingia. Ule unga mweupe kwenye machipukizi na maua ni kuvu, na kuvu haina umbijani. Imekaa juu ya ngozi ya mmea, imetumbukiza vinyonyeo ndani ya seli, inakunywa sukari iliyokuwa inakwenda kwenye ua. Ua linanyauka, korosho haifungi. Salfa, ile dawa tunayopuliza, inaifikia kwa sababu kuvu yenyewe iko nje, juu ya ngozi. Lakini kuchelewa kuipuliza wiki chache kunaumiza sana: maua yakishanyauka hakuna cha kuokoa.

Kwa nini mkorosho ukaweka mafuta kwenye mbegu, si wanga kama muhogo? Gramu ya mafuta ina kilokalori 9, ya wanga 4. Mbegu ni ndogo, na mche unaanza maisha gizani, hauna jani.

Nimeleta miche mitatu kwenye viriba. Pokezaneni taratibu. Kwenye shina mtaona vipande viwili vinene, ni zile nusu mbili za korosho tunazozitenganisha kwa meno. Kwenye mche mdogo vimejaa. Kwenye ule mkubwa, wenye majani manne, vibonyezeni kwa kidole: vimesinyaa, vimekuwa kama ngozi kavu.