Kanisa la Kilpeck na Mafundi Wake

Ndugu wasikilizaji, nianze na ukubwa wake, maana picha hudanganya. Kanisa la Kilpeck, kijiji kilichoko magharibi mwa Uingereza karibu na mpaka wa Wales, ni dogo. Ukiingia unakuta ukumbi wa waumini, kisha nafasi ya kasisi, kisha madhabahu iliyokaa kwenye nusu duara upande wa mashariki. Basi. Lilijengwa yapata mwaka 1140, wakati wa Wanormani, watawala waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, kando ya ngome ya bwana wa eneo lile.

Lakini tazameni mlango wa kusini! Juu yake umechongwa mti wenye mashada ya zabibu. Matao yanayouzunguka yamejaa mazimwi na vichwa vya ndege wenye midomo mirefu, na kwenye nguzo ya kushoto wamo askari wawili waliovaa suruali, wamenaswa katikati ya matawi. Chini ya ukingo wa paa, kulizunguka kanisa zima, vimechomoza vichwa vya mawe. Vilivyobaki ni 85. Yumo mbwa na sungura wamekaa ubavu kwa ubavu. Yumo Mwanakondoo na msalaba wake. Yumo pia mwanamke aliyejifunua utupu. Wataalamu wanabishana: wapo wanaosema ni onyo dhidi ya zinaa, wapo wanaosema ni kinga ya kufukuza maovu. Mimi naona fundi hakutaka kuacha kitu chochote cha dunia nje ya safu ile.

Mnajiuliza uchongaji huu umedumuje karibu miaka 900. Jiwe lenyewe, jiwe mchanga jekundu la huko huko, ni gumu. Ila kwangu sababu kubwa ni nyingine: ngome ilichakaa, kijiji kikapungua, na hakutokea tajiri wa kulibomoa kanisa ili ajenge la fahari zaidi.

Shobdon, katika mkoa huo huo, ilikuwa kinyume. Kanisa lake lilichongwa na mafundi wa mtindo uleule wa Kilpeck. Miaka ya 1750 ukoo wa Bateman, wenye mali nyingi, ukalivunja na kujenga jipya la mtindo wa siku zile. Matao ya zamani yakapelekwa kilimani kuwa pambo la bustani, bila paa. Mvua na baridi kali vimeyala. Inaniuma sana. Leo, anayetaka kujua sura za Shobdon zilivyokuwa, hutegemea michoro ya karne ya 19, au huja Kilpeck.