Kuhesabu viuno: damu ilivyopima mionzi Goiânia

NEEMA: Kaka Bakari, wiki iliyopita ulituacha Brazili, mjini Goiânia, Septemba 1987. Mashine ya tiba ya saratani imeibwa kwenye kliniki iliyohamwa, imeuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na ndani yake kuna unga unaong'aa buluu gizani.

BAKARI: Watu wakagawiana ule unga, dada. Wengine wakajipaka mwilini. Kumbe ni sesiamu 137, madini yanayotoa mionzi. Baadaye watu zaidi ya 112,000 walipimwa uwanjani, na 249 wakakutwa nao, nje au ndani ya mwili. Sasa madaktari wanataka kujua kila mmoja amekula mionzi kiasi gani. Mhudumu wa eksirei ana beji yake ya kupima mionzi kifuani, itasomwa. Mama aliyewekewa unga sebuleni beji anayo?

NEEMA: Hana. Ana damu.

BAKARI: Naam. Kuna chembe nyeupe ziitwazo limfosaiti. Mionzi ikipita hukata kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya seli, na seli hujitahidi kuviunga vile vipande. Mara nyingine huunga kipande cha hii na cha ile. Kromosomu ya kawaida ina kiuno kimoja, pale inapobana. Iliyoungwa vibaya unaikuta na viuno viwili. Kwa mtu asiyepigwa na mionzi, utaiona kama moja tu katika seli 1,000.

NEEMA: Lakini kromosomu huonekana vizuri seli ikiwa inagawanyika, na limfosaiti kwenye damu zimetulia tu.

BAKARI: Huamshwa kwa maharage!

NEEMA: Maharage haya haya?

BAKARI: Mekundu. Yana protini, ile ile inayotufanya tusiyale mabichi, na ndiyo inayozichochea zigawanyike. Zinakaa saa 48 kwenye joto la nyuzi 37, zinawekewa dawa ya kuzisimamisha katikati ya kugawanyika, zinatiwa rangi. Halafu mtu anakaa kwenye hadubini anahesabu kromosomu zenye viuno viwili. Anapitia seli 500, hata 1,000, kwa mgonjwa mmoja! Kukiwa na dharura anaanza na 50. Hesabu yake inalinganishwa na ya damu iliyopigwa mionzi maabara kwa dozi inayojulikana. Nawaheshimu mno watu hawa.

NEEMA: Na Goiânia walipata nini?

BAKARI: Sampuli 110 za damu. Dozi hupimwa kwa grei: watu 21 walizidi grei 1, wanane walizidi grei 4, na wa juu kabisa alikadiriwa grei 7.

NEEMA: Huyo ndiye aliyefariki?

BAKARI: Hapana. Walifariki wanne, mmoja mtoto wa miaka sita, na wote makadirio yao yalikuwa chini ya 7. Huyu alinusurika. Inadhaniwa ni kwa kuwa alikuwa akitoka nyumbani, ulimokuwa ule unga, mionzi ikampata kwa vipindi, seli zikapata nafasi ya kujitengeneza.

NEEMA: Pole yao. Sasa mtu akija kupimwa baada ya miaka 20?

BAKARI: Viuno viwili havimfai tena. Seli hizo hufa, na nusu yake hupotea kwa takriban miaka mitatu. Kwake wanatafuta kromosomu zilizobadilishana vipande bila kuongeza kiuno, maana hizo hudumu. Kromosomu kadhaa zinapakwa rangi zinazowaka, kipande kigeni kikaonekana. Goiânia watafiti walirudi, wakatoa damu ya watu wale wale miaka iliyofuata, wakafuatilia alama zipi zinafifia na zipi zimebaki.