Mtoto Aliye Mlangoni

Walimu wenzangu, tumezoea kuikata historia ya Marekani vipande: leo wahamiaji, mwezi ujao ubeberu. Nawaomba tuviunge, na mimi huviunga kwa katuni moja iliyochapishwa katika jarida la Puck tarehe 25 Januari 1899, wiki chache baada ya Hispania kukubali kuiachia Marekani visiwa vya Ufilipino kwa dola milioni 20.

Ni picha ya darasa. Mwalimu ni Mjomba Sam, yaani Marekani yenyewe, na benchi la mbele wameketi watoto wanne waliochorwa weusi, wamenuna: Ufilipino, Hawaii, Puerto Rico na Kuba, visiwa vilivyokuwa vimetoka kuwekwa chini ya Marekani. Nyuma yao California, Texas na Alaska wanasoma kwa utulivu. Wapeni wanafunzi muda wa kutosha kuitazama kimya kabla hamjatamka neno, kwa sababu mazito yamewekwa pembeni: kijana Mweusi anasafisha dirisha, mtoto wa wenyeji asilia ameketi peke yake na kitabu amekishika juu chini, na mtoto wa Kichina amesimama mlangoni, kwa nje, kitabu mkononi.

Kisha waulizeni: kwa nini Mfilipino, ambaye hakuomba kuingia, ameketishwa mbele, ilhali Mchina aliyekuja mwenyewe hakuitikiwa hodi? Swali hilo litawafikisha kwenye sheria ya mwaka 1882 iliyowafungia mlango vibarua wa Kichina, isifutwe hadi 1943, na kwenye vita kati ya Marekani na Wafilipino waliotaka uhuru, vilivyolipuka Ufilipino siku kumi tu baada ya katuni hiyo kutoka.

Msikubali darasa ligawanywe kati ya wema na wabaya. Samuel Gompers, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, aliupinga ubeberu, lakini miongoni mwa hofu zake ni kwamba vibarua wa Asia wangemiminika Marekani. Mwanafunzi hupata taabu hapo, na taabu hiyo msiiondoe haraka, mwacheni aihangaikie.

Mimi humalizia kwa sheria ya mwaka 1934. Kwa kuwa nchi yao ilikuwa chini ya bendera ya Marekani, Wafilipino walikuwa wakiingia Marekani bila kuwekewa idadi. Sheria hiyo iliwaahidi uhuru, na humo humo ikaamuru kwamba tangu sasa waruhusiwe kuhamia watu 50 tu kwa mwaka.