Korongo Kavu Nalo ni Mto: Mhadhara Kuhusu Mafuriko na Mvua za Radi Nyanda za Kati

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, akina baba, wenyeviti wa mitaa, mafundi ujenzi na wanafunzi, habari za mchana. Asanteni kwa kuacha shughuli zenu na kuja kusikiliza habari za mvua wakati jua la Dodoma linawaka hivi.

Ukitaja Dodoma, mtu wa pwani anafikiria ukame, na sisi wenyewe ndivyo tulivyozoea kujifikiria. Tunapata wastani wa milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, katika msimu mmoja unaoanza mwishoni mwa Novemba na kwisha Aprili. Hatuna vuli na masika kama wenzetu. Kwa hiyo tumepanga maisha yote kwa kuogopa kiu. Ninachotaka kusema leo ni kwamba mafuriko yetu yanazaliwa na ukame huohuo. Tukiendelea kuvishughulikia viwili hivi kama mambo yasiyojuana, tutakuwa tunazika watu Januari na kupanga foleni ya ndoo Oktoba.

Tuanze juu. Oktoba na Novemba ardhi yetu imechomwa na jua miezi mingi. Hewa iliyo karibu na ardhi inapata moto, inakuwa nyepesi, inapanda. Wakati huo ukanda mkuu wa mvua unashuka kusini ukilifuata jua, na unyevu unaingia kutoka Bahari ya Hindi, miaka mingine pia kutoka upande wa Kongo. Hewa hiyo yenye unyevu ikipanda inapoa, mvuke unageuka matone, na kila mvuke unapogeuka tone unaachia joto linalozidi kuisukuma hewa juu. Ndiyo maana mnaona asubuhi mbingu safi, saa nane mawingu meupe kama marobota ya pamba, saa kumi wingu limesimama kilomita kumi na zaidi kwenda juu, jeusi tumboni. Maji yakiwa mazito kiasi cha kutobebeka tena, yanaporomoka pamoja na hewa ya baridi. Ule upepo wa ghafla unaotangulia mvua na kuezua mabati ni hewa hiyo iliyoanguka na kutawanyika.

Mvua ya namna hii haina subira. Milimita 50 zinaweza kushuka kwa saa moja au mbili, karibu sehemu moja ya kumi ya mvua ya mwaka mzima. Tupige hesabu. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Milimita 50 juu ya mtaa wenye ukubwa wa kilomita moja ya mraba ni lita milioni 50. Kwa maboza ya lita 10,000, hayo ni maboza 5,000 yamefunguliwa mtaani kwenu kabla ya magharibi.

Na yanaangukia wapi? Yanaangukia ardhi iliyokanyagwa na mifugo, isiyo na majani baada ya kiangazi, ambayo juu yake pamefanyika gamba gumu. Matone ya kwanza yanalipiga gamba hilo na kuziba vitundu vilivyobaki. Maji hayazami, yanateleza. Wakulima wa Kongwa na Mpwapwa wanalijua hili kuliko mimi: mvua ya kwanza kubwa inakimbia na udongo, na mbegu zilizopandwa kwenye vumbi zinakwenda nao.

Wazee wa Kondoa waliopo hapa wanakumbuka mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973. Mwaka 1979 serikali iliondoa mifugo yote katika eneo lililoliwa na makorongo, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Ulikuwa uamuzi mkali, na familia zilizohamishwa ng'ombe wao ziliumia. Sitalifunika jambo hilo. Lakini majani yalirudi, miti ikarudi, na ardhi iliyokuwa imekufa ikaanza kushika maji tena. Mimi nasema somo lake bado halijatumika vya kutosha.

Sasa mito. Maji ya mkoa huu yana njia tatu. Ya kusini yanakwenda bwawa la Mtera, kisha mto Rufiji. Ya mto Bubu yanashuka kutoka Kondoa hadi mbuga ya Bahi na kuishia hapo, hayaoni bahari kamwe. Na ya mashariki yanashika mto Kinyasungwe, yanapita Gulwe, yanakuwa mto Mkondoa huko Kilosa, kisha mto Wami mpaka Bahari ya Hindi. Ukilima mpaka ukingoni mwa korongo huku juu, mchanga wako unajaza mto kule Kilosa. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 maji yalifurika Mpwapwa na Kilosa, maelfu ya watu wakapoteza makazi, na Reli ya Kati ikasombwa kati ya Kilosa na Gulwe. Hapohapo iliwahi kukatika wakati wa mvua kubwa za El Niño za 1997 na 1998. Machi 2020 ikawa zamu ya barabara: barabara kuu ya Morogoro na Dodoma ilikatika Kiyegeya, Gairo. Na jirani zetu wa Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, waliamshwa na tope, mawe na magogo yaliyoshuka mlimani hadi Katesh. Zaidi ya watu 80 walifariki. Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliambia Bunge, hapahapa Dodoma, kwamba mvua za msimu ule zilizochochewa na El Niño zilikuwa zimeua watu 155 nchini.

Mzee hapa mbele ananiuliza, zamani mafuriko hayakuwepo? Yalikuwepo, mzee wangu. Ila kuna mambo mawili. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, kwa hiyo wingu likifunguka linamwaga zaidi. La pili liko mikononi mwetu. Sensa ya 2012 ililikuta jiji hili na watu wapatao 411,000. Ya 2022 ikawakuta 765,000. Watu hao wanahitaji paa, na kila paa, kila lami, kila uwanja uliosakafiwa unamwaga maji kwa jirani. Nendeni Nkuhungu, hapa hapa jijini, mkawaulize waliowahi kulala nyumba zikiwa katikati ya maji.

Hapa nitasema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Tunauza makorongo. Mtu anapimiwa kiwanja Julai, anaona mchanga mweupe laini, anaambiwa hata mchanga wa kujengea anao palepale. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, lakini muuzaji anajibu kwamba hili si mto, halina maji. Mito yetu mingi haina maji miezi minane. Mchanga ule umeletwa na maji, na yaliyouleta yatapita tena. Anayeuza mahali pale anauza hatari, na anayesaini anajua.

Nyumba ya tope nayo ina hadhari yake. Mara nyingi haianguki wakati mvua inanyesha. Huanguka usiku au kesho yake, ukuta ukishalowa kutoka chini na watu wakidhani yamekwisha. Ukiona ukuta umetota hadi gotini, watoto wasilale upande huo.

Kuhusu radi. Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi ngurumo, gawa kwa tatu, utapata kilomita. Sekunde zikiwa chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita kumi na inaweza kukufikia. Ingia kwenye jengo imara au gari lililofungwa, usitoke hadi nusu saa ipite baada ya ngurumo ya mwisho. Wachungaji wetu wanakimbilia chini ya mbuyu kwa sababu ndicho kivuli walichokizoea, nao ndio mrefu kuliko vyote. Umeme ukiupiga unasambaa ardhini. Ng'ombe ana miguu ya mbele na ya nyuma iliyo mbalimbali, kwa hiyo mkondo unapanda huku, unashukia kule, unapita moyoni. Ndiyo maana wanaanguka wengi kwa pigo moja. Nasema kwa heshima mbele ya wazee: radi haijatumwa na jirani, wala bibi mwenye macho mekundu. Hakuna damu ya mtu inayopaswa kumwagika kwa ajili ya wingu.

Nimebakiza jambo ninalolipenda kuliko yote. Kwa miongo mingi jiji hili limetegemea visima vya bonde la Makutupora, na kina cha maji yake kimepimwa tangu miaka ya 1950. Vipimo vinaonyesha kwamba maji yale chini hayapandi kila mwaka. Yanapanda katika misimu michache ya mvua kubwa mno, na mpando mkubwa kuliko yote ulikuwa wa 1997 na 1998, mwaka uleule wa reli kukatika. Maji yaliyotutisha ndiyo tuliyokunywa miaka iliyofuata. Kwa hiyo mtaro wa zege unaokimbiza kila tone nje ya jiji unatupunguzia mafuriko kwa kuwapelekea walio chini, na unatunyang'anya akiba. Nataka makinga maji kwenye miteremko, mabwawa madogo ya kupunguza kasi, matangi kwenye mapaa ya shule, na maeneo ya mchanga yaliyoachwa wazi ili maji yazame.

Wenyeviti, kabla ya Novemba naomba hili. Chukueni wazee wawili na vijana wenye rangi, mzunguke mtaa. Wazee waonyeshe maji yalifika wapi mwaka 1998 na miaka mingine, vijana wachore mstari kwenye nguzo, mbuyu na kuta za shule. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa angalizo, tahadhari au tahadhari kubwa, kila mkazi ajue nyumba zipi ziko chini ya mstari na nani anakwenda kuwabebea wagonjwa. Na mtu akija na mnunuzi wa kiwanja, mpelekeni kwanza kwenye mstari ule.