Shuka Halina Moto: Maumivu ya Neva kwa Wagonjwa wa Saratani
(Mazungumzo na walezi wa wagonjwa, Kisumu)

Wazazi wangu, ndugu zangu, hamjambo. Nani hapa ana mgonjwa anayelala miguu nje, eti shuka linamchoma? Naona mikono. Shuka halina moto. Inayowaka ni neva, mshipa wa fahamu, si wa damu.

Uvimbe huweza kuibana, upasuaji ukaikata, mionzi ikaiumiza. Na kemo yenyewe, dawa kali za saratani, huidhuru: paklitakseli ya saratani ya matiti, au vinkristini wanayopewa watoto wetu wa kanda hii ya ziwa wenye limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe za limfu. Ganzi na maumivu huanzia vidoleni, yakapanda kama soksi. Oksaliplatini, kemo nyingine, nayo ina vituko: mtu akigusa soda ya friji anaruka kama aliyepigwa shoti. Na jua hili la Kisumu, umwambie asinywe baridi!

Sasa, Panadol hapa haifui dafu. Mara nyingi daktari huandika amitriptilini, miligramu 10 au 25, usiku. Mgonjwa anafika nyumbani, jirani anamwambia hiyo ni dawa ya wendawazimu, na vidonge vinaishia chini ya godoro. Jamani! Kweli, dawa hii ilianza kama tiba ya sonona. Lakini kemikali inazozigusa ubongoni ndizo pia zinazopunguza kelele za neva, na dozi ya maumivu ni ndogo. Usiku mmoja hautoshi. Ipeni wiki mbili hivi. Mdomo utakauka, asubuhi kichwa kitakuwa kizito. Mwenye shida ya moyo au ya kukojoa, tuambieni mapema.

Wengine huficha ganzi wakihofia kusimamishiwa kemo. Usimwulize “unaendeleaje?” maana atakujibu “niko sawa.” Mtazame akifunga vifungo vya shati. Je, kandambili humtoka mguuni asijue? Mleteni tukiwa bado tunaweza kurekebisha dozi, kwa sababu neva iliyoharibika sana huenda isirudi. Na yale maji moto ya kukanda miguu, yapimeni nyinyi kwanza kwa kiwiko. Yeye hayasikii.

Akiumwa mgongo, kisha miguu ikalegea, au mkojo ukaziba au kumtoka ovyo, msingoje siku ya kliniki. Mleteni hospitali usiku huohuo. Wala msimpakie boda. Tafuteni gari alale chali.

Haya, mama wa kule nyuma, nimeuona mkono wako.